Mwenye Wimbo Ni Nani?

Katika taarabu ya kwetu Unguja, msikilizaji hangoji wimbo uishe ndipo aseme lake. Mwanamke huinuka katikati ya ubeti, akaja mbele kwa madaha, noti kaiinua juu kila mtu aione. Akishanitunza hurudi kitini kwa njia ndefu, ile inayopita mbele ya anayemkusudia. Ukumbi mzima unaelewa. Fidla na kanuni haziachi, nami siachi kuimba, lakini maneno yale tuliyoyafanyia mazoezi klabuni jioni baada ya jioni yameshapata mwenyewe mwingine.

Nimeimba tangu ujana wangu, na jambo linalonishughulisha kila umri unaposogea ni hili: sifa za mwimbaji ni za nani hasa, na atazijibia vipi mbele ya Mola wake?

Sauti yangu ilifundwa chuo cha Kurani kabla haijafika klabuni. Maalim wetu, bibi mmoja wa Ng'ambo, alikuwa akitupanga mkekani, na yeyote aliyevuta sauti kupita kipimo ili aonyeshe pumzi zake alikatizwa palepale. "Mwanangu, unamsomea nani?" Akatusimulia hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim, ya watu watatu watakaohukumiwa mwanzo Siku ya Kiyama: aliyeuawa vitani, aliyejifunza elimu na kusoma Kurani, na tajiri aliyetoa mali yake. Kila mmoja atadai kuwa alifanya kwa ajili ya Mungu. Kila mmoja ataambiwa kuwa alitaka asemwe, na watu wameshamsema. Ujira wake kaula duniani.

Hadithi hiyo inamwelemea mwimbaji kuliko watu wengi. Seremala anaweza kuchonga mlango mzuri na asijulikane jina maisha yake yote, na mlango ukafunguka vilevile. Wimbo usiposikiwa haujawa wimbo. Kazi yangu haitimii ila kwa masikio ya watu, na penye masikio yao pana macho yao, na ndimi zao.

Tena napenda kusifiwa. Bashrafu, ule muziki wa kufungulia usio na maneno, inapomalizika na watu wakanyamaza kunisubiri, najisikia nimekuwa mtu kamili, na sitaki kumdanganya msomaji kwamba furaha hiyo naidharau. Lakini furaha hiyohiyo ina gharama zake. Nikienda Darajani kununua samaki, muuzaji hanipunguzii, kwa kuwa mtu anayeonekana kwenye simu za watu hadhaniwi kuwa na shida; hajui kuwa posho ya usiku ule tuligawana watu wengi. Picha yangu moja iliwahi kusambazwa pamoja na habari kwamba nimeachwa. Binti yangu akaulizwa shuleni, na jioni akarudi akakaa karibu yangu bila kusema kitu, mpaka nilipomuuliza mimi. Uchungu wa siku ile haujanitoka. Mimi ndiye niliyepanda jukwaani, mtoto hakupanda.

Wapo wanaoniambia niache. Wengine wana hoja ya dini, kwamba sauti ya mwanamke haifai kusikiwa na wanaume, na hoja yao naiheshimu ingawa si masheikh wote walioikubali. Wengine wananionea huruma tu. Kila nikifikiria kuacha, namkumbuka Imamu Ghazali.

Ndani ya Ihyaa Ulumiddin aliandika kitabu kizima juu ya ubaya wa jaha na ria, yaani kufanya jambo ili uonekane na watu. Mali, anasema, ni kumiliki vitu. Jaha ni kumiliki nyoyo za watu. Mambo hayo aliyajua kwa kuyaishi. Alikuwa mwalimu mkuu wa Nidhamiya ya Baghdad, mamia ya wanafunzi wakimsikiliza, na mwaka 1095 alipojichungua nafsi yake aliona kuwa kilichokuwa kikimsukuma kufundisha ni kutafuta jaha. Ulimi wake ukafunga. Alitaka kusomesha na neno halikutoka. Akaacha cheo, akaenda Sham na Baitul-Mukaddasi, akahiji. Wengi husimulia kisa hiki mpaka hapo, na kwa hiyo kinawafaa wanaotaka tuache. Lakini mwaka 1106 Ghazali alirudi kufundisha, safari hii Nishapur. Alirudi kwenye kazi ileile, mbele ya macho yaleyale ya watu, na mwenyewe aliandika kuwa kufundisha kwake sasa hakukuwa kama kule kwa zamani, kwa sababu nia ilikuwa nyingine. Kabla yake, Fudhayl bin Iyadh alinukuliwa akisema kwamba hata kuacha amali njema kwa ajili ya watu ni ria. Anayekimbia macho ya watu bado anaongozwa nayo.

Hapo ndipo ninaporudi kwa yule mwanamke mwenye noti. Je, amenipa moyo wake niumiliki? Namtazama usoni kila anapokuja, na jibu naliona. Moyo wake ulikuja umejaa mambo yake: mume, mke mwenza, jirani, shoga aliyemgeuka. Alikosa mdomo wa kuyasema, akaukuta wangu. Shairi nalo lilitungwa na mtu mwingine aliyekaa nyuma ya ukumbi, muziki umetiwa na mwengine, na wapigaji wa udi, nai na dumbaki ndio waliolibeba. Mimi ni mahali ambapo vitu hivyo vyote vimekutana kwa muda wa wimbo mmoja. Hakuna moyo nilioumiliki. Mdomo wangu ndio uliomilikiwa, na nikilikumbuka hilo kiburi kinakosa pa kukaa. Maneno ya kesho yake pia yanapungua uzito, wanaposema kuwa nimemwimbia fulani kumtusi, ilhali fulani simjui hata nyumba.

Siti binti Saad aliyajua haya kabla yetu. Alizaliwa Fumba mnamo mwaka 1880 katika ukoo wa watumwa, akauza vyungu, akahamia mjini mwaka 1911. Mji ulimsema kwa asili yake na kwa sura yake, naye akajibu kwa wimbo. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri, na sauti yake ikaingia katika nyumba za pwani nzima. Aliimba habari za wanyonge na za mahakamani, watu walioonewa wakasikia yao yakitajwa hadharani. Ninachokizingatia mimi ni kwamba santuri ilibeba sauti bila ya uso. Aliyeinunua Mombasa au Lamu alikuwa na wimbo tu, akauhukumu kama wimbo. Simu leo inabeba uso, na mara nyingi anayetazama keshazima sauti. Wanajadili kilemba changu, unene wangu na ndoa yangu, na wimbo hakuna aliyeusikiliza.

Bi Kidude naye, aliyefariki Aprili 2013, alizunguka Ulaya mpaka Japani, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX. Pamoja na yote hayo alikuwa somo wa unyago, akiwafunda wari. Kazi hiyo hufanyika ndani, kwa anayehusika tu, na haina tuzo ya dunia. Kwake nimejifunza kuwa mwimbaji anahitaji sehemu ya sauti yake ambayo haiuzwi. Yangu ni maulidi ya kina mama mtaani. Sikubali kurekodiwa pale, na mtu akija na noti namrudishia.

Basi sitaacha kuimba, wala sitaomba watu wasinitazame. Macho yao yana haki juu yangu katika mambo ya kazi: nikikosea sauti wanikosoe, nikiimba shairi la kumdhalilisha mnyonge wasinitunze, na nikiringa wanikumbushe nilikotoka. Hesabu hiyo naipokea, na naamini inanisaidia kujitengeneza kabla ya hesabu iliyo kubwa zaidi. Lakini haki yao inakoma wimbo unapokoma. Nyumba yangu, mtoto wangu na nia iliyo kifuani mwangu havikununuliwa kwa noti ya ukumbini. Hata Ghazali, kwa elimu yake yote, ilimchukua miaka kuijua nia yake mwenyewe. Vipi yangu itajulikana na mtu aliyeniona kwa dakika moja? Wimbo wauhukumu wanavyotaka, kwa kuwa ni wao zaidi kuliko wangu. Mwimbaji wamwachie Aliyemuumba.