Bei ya muuzaji pekee ni haki?

Mwaka 2019 mkaguzi mkuu wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani alitoa ripoti kuhusu vipuri 47, vikiwemo vya ndege za kijeshi, vilivyouzwa na kampuni ya TransDigm. Katika vipuri 46 faida ilipita kiasi, na kampuni ikarejesha dola milioni 16.1.

La ajabu, maafisa manunuzi walikuwa wamefuata kanuni! Lakini kwa vipuri vingi muuzaji alikuwa mmoja tu. Je, bei hiyo ni ya maridhiano? Mwenye kisima pekee jangwani hahitaji kuiba. Kiu ya mnunuzi inamtosha.

Na fedha si ya afisa, ni amana ya walipa kodi. Kabla ya kusaini, adai kwanza mchanganuo wa gharama. Akinyamaza, naye ameshiriki dhulma.