Kitu na Mahali Pake

Ukipeleka debe lako la mahindi mashineni, na jirani akapeleka lake, yakamiminwa pamoja, utapata unga. Lakini hakuna atakayekuambia unga upi ulitoka shamba lipi. Ndivyo tishu za mwili zilivyochunguzwa kwa muda mrefu: zilisagwa, kilichomo kikajulikana, mahali kilipokuwa pakapotea.

Mwaka 1997 Richard Caprioli na wenzake huko Marekani walichapisha njia nyingine. Kipande chembamba cha tishu hupakwa kemikali, mwale wa leza ukakipiga nukta baada ya nukta, na mashine ikapima uzito wa molekyuli zinazoruka kila nukta. Hupatikana ramani. Mwaka 2015 ramani za namna hii zilionyesha kwamba baadhi ya dawa za kifua kikuu haziingii vizuri katikati ya vidonda vya mapafu, walikojificha bakteria.

Tangu hapo nukta imezidi kupunguzwa, hadi kufikia maikromita 1 hivi, ndogo kuliko seli nyekundu ya damu. Lakini ukipunguza upana wake kwa nusu, idadi ya nukta huwa mara 4, na kila moja hutoa molekyuli chache zaidi.

Je, kuona kwa karibu zaidi ni kujua zaidi? Sisi wa Songea tuna sababu ya kuuliza. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa wapiganaji wa Maji Maji. Kaburi la Nduna Songea Mbano tunalo, ila inasimuliwa kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alikuja hapa akaomba msamaha, akasema watakitafuta, bila kuahidi kwamba kitapatikana.

Mafuvu yaliyochukuliwa enzi zile yalipimwa kwa makini sana. Majina ya wenyewe mara nyingi hayakuandikwa. Mwaka 2023, huko Berlin, fuvu moja kutoka Kilimanjaro lilipata ukoo wake kwa vipimo vya DNA, lakini utafutaji ulisaidiwa na neno "Akida" lililoandikwa juu yake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, nadhani kipimo kikali bila kumbukumbu ya mwenye kitu ni kusaga tu, hata kama unga ni laini. Anayeandika kwenye chupa ya tishu imetoka kwa nani, naye yumo katika elimu hiyo sawa na mwenye leza.