Jeraha la Wazazi, Sabato ya Watoto

JUMATANO

Soma Kumbukumbu la Torati 5:12–15, kisha linganisha na Kutoka 20:8–11. Kwa nini sababu ya kuitunza Sabato inatajwa kwa namna tofauti katika mafungu haya?

Katika Kutoka, amri ya nne inaelekeza kwenye uumbaji. Katika Kumbukumbu la Torati, Musa anaelekeza kwenye Misri: mtumwa na mjakazi wapumzike kama bwana wao, kwa kuwa bwana huyo naye alikuwa mtumwa. Jambo ambalo msomaji hulipita haraka ni watu walioambiwa maneno hayo. Waliohesabiwa wakiwa na umri wa miaka 20 na zaidi walikuwa wamekufa jangwani, isipokuwa Kalebu na Yoshua (Hesabu 14:29, 30). Wengi waliosimama mbele ya Musa walizaliwa safarini, au walitoka Misri wakiwa watoto. Hawakufyatua tofali hata moja. Hata hivyo Musa anamwambia kila mmoja wao kwamba yeye mwenyewe alikuwa mtumwa.

Jeraha la wazazi huwafikia watoto hata pale lisiposimuliwa. Mtoto hulisoma katika ukimya wa wakati wa chakula, katika jina lisilotajwa nyumbani, katika jirani ambaye mama hamsalimu. Mungu hakuwaambia Israeli wasahau. Aliwaonyesha la kufanya na kumbukumbu hiyo. Ingeweza kuwafundisha kwamba aliyeumizwa ana haki ya kuumiza. Lakini Bwana aliifungamanisha na pumziko la mtumwa, la mgeni, na hata la punda. Kutoka 23:9 linakwenda mbali zaidi: Israeli wanaijua nafsi ya mgeni, kwa sababu waliionja hali yake. Na katika Kumbukumbu la Torati 23:7, 8, hata Mmisri, ambaye taifa lake liliwatupa watoto wachanga mtoni, hapaswi kuchukiwa. Watoto wa kizazi chake cha tatu wataruhusiwa kuingia katika mkutano wa Bwana. (Mafungu ya 3 hadi 6 ya sura hiyo hiyo ni makali sana juu ya Waamoni na Wamoabi. Darasa lisiyaruke, ila likumbuke pia Ruthu Mmoabi, bibi yake Yese, baba yake Daudi.)

Kuitunza siku peke yake hakuulindi moyo. Siku ya Sabato, Aprili 16, 1994, huko Mugonero, magharibi mwa Rwanda, Watutsi waliokimbilia katika kanisa na hospitali ya Waadventista walishambuliwa na kuuawa. Wachungaji waliokuwa miongoni mwao walikuwa wamemwandikia barua kiongozi wa kanisa katika eneo hilo, wakimsihi awatetee kwa wakuu. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani kiongozi huyo, mchungaji, kwa kusaidia mauaji ya kimbari.

Waliozaliwa baada ya mwaka huo sasa ni watu wazima, wengine wana watoto. Katika darasa moja la Shule ya Sabato anaweza kuketi mtoto wa mama aliyenusurika, na karibu naye mtoto wa baba aliyefungwa kwa kuua. Wa kwanza amerithi hofu. Wa pili amerithi aibu, na mara nyingi hana mtu wa kumwuliza. Kumwambia wa kwanza asamehe tu, yaishe, ni uvivu wa kiroho. Kumhukumu wa pili kwa dhambi ya babaye ni jambo ambalo Ezekieli 18:20 linakataza. Kinachowezekana, tena polepole, ni kila mmoja kusimulia jinsi nyumba yao ilivyokuwa kila ulipofika mwezi wa Aprili, na mwenzake asikilize bila kujitetea.

Ni kabila, ukoo au taifa gani ambalo watoto wa mahali pako hufundishwa kuliogopa kabla hawajakutana na mtu wake hata mmoja? Ni nani aliyewafundisha, naye alitendwa nini?