Kwetu ni Wapi?



Nilipofika chuoni niliulizwa, baada ya swala, "Kwenu ni wapi?" Nikajibu, "Kasese," nikanyamaza. Sikutaja Kabatoro. Niliogopa maswali mengine, kwa kuwa babu yangu alivuka mpaka kutoka Kongo kuja kuvuna chumvi ya Ziwa Katwe, na hadi anafariki aliomba dua zake kwa Lukonzo. Mimi niliyeonja Kiarabu kidogo madrasa nilimwonea haya.

Basi najiuliza: mtu akihama, ana deni gani kwa lugha ya alikotoka?

Abu Muslim al-Bahlani alizaliwa Oman, akahamia Unguja, akawa kadhi. Mwaka 1911 alikuwa mhariri wa Al-Najah, gazeti la Kiarabu. Aliishi Unguja miaka mingi, na huko huko akafariki mwaka 1920, lakini mashairi yake ya Kiarabu yaliendelea kuililia Oman. Kabla yake, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, wa ukoo wa masharifu waliotoka Hadhramaut, alitunga Al-Inkishafi. Huyu aliyalilia magofu ya Pate, kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Mmoja alishika lugha ya alikotoka, mwingine akashika lugha ya alipo. Nani alikosea? Naona hakuna. Kila mmoja alisema na watu aliowabeba moyoni.

Hata Uganda Kiarabu kilihama. Wanajeshi wa Kisudani walioletwa na Lugard mwaka 1891 waliacha Kinubi, lugha iliyozaliwa na Kiarabu, na wajukuu wao bado wanakizungumza. Hakuna anayedai kwamba Uislamu wao umepungua kwa kuwa Kiarabu chao kimebadilika.

Mtu atasema kupenda kwao ni asabiyya. Ni kweli kwamba ule usemi wa "kupenda nchi ni katika imani" wanazuoni wameukataa kuwa hadithi. Lakini Tirmidhi amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alipotolewa Makka aliitamkia mapenzi yake. Na Surat ar-Rum, aya ya 22, inahesabu tofauti za lugha zetu kuwa miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Kilichokatazwa ni kudharau. Nami nilidharau, tena niliyemdharau ni mzee wangu mwenyewe.

Kiarabu tukisome kwa bidii, maana ndicho cha Qur'ani na swala. Lakini tusikigeuze fimbo ya kuwapigia wazazi wetu. Anayeielewa dua ya babu ni Yule Yule aliyeumba ulimi wake.

Likizo iliyopita nilisimama kaburini kwake Kabatoro. Nilianza dua kwa Kiarabu, nikaimaliza kwa Lukonzo. Nilichelewa, lakini siku hizi nikiulizwa kwetu ni wapi, najibu bila kuinamisha kichwa.