Je, Ni Kosa Kumvisha Mchumba Almasi Isiyo Almasi?



Katika mafundisho ya ndoa hapa Rapsu swali la pete huja mapema, na mara nyingi huletwa na kijana wa kiume aliyebaki nyuma baada ya wenzake kuondoka. Siku hizi swali lina sura hii: "Katekista, mchumba wangu ameona pete za almasi kwenye simu. Mimi ni mkulima wa vitunguu. Kuna mawe yanayong'aa vilevile kwa bei ya mbuzi mmoja. Nikimvisha hilo na kumwambia ni almasi, naye asijue maisha yake yote, nitakuwa nimemkosea nini?"

Swali hili si la kipumbavu. Ikiwa jicho lake halioni tofauti, na furaha yake ni ileile, madhara yako wapi? Nitalijibu, lakini kwanza tujue almasi huuzwaje, maana wengi wetu tunatamani au kuogopa kitu tusichokijua.

Hapa kwetu mtu hanunui mtamba kwa kutazama ngozi tu. Atamfungua mdomo aone meno, atauliza mama yake alikamwa kiasi gani. Almasi nayo ina ukaguzi wake, na hukaguliwa kwa mambo manne: uzito, rangi, usafi na ukataji. Tofauti ni hii: mnadani muuzaji na mnunuzi wote wanajua ng'ombe, lakini dukani kwa sonara mara nyingi anayejua ni mmoja tu.

Uzito hupimwa kwa karati. Karati moja ni miligramu 200, yaani karati tano ndiyo gramu moja. Jina hilo limetokana na mbegu za mti wa karobu, zilizotumika zamani kwenye mizani. Tafadhali usiichanganye na karati ya dhahabu, ambayo si uzito bali ni usafi. Dhahabu ya karati 24 ni tupu. Ya karati 18 ina robo tatu ya dhahabu na hugongwa alama ya 750. Ya karati 9 hugongwa 375. Ukiambiwa "pete hii ni karati 18", uliza: karati ya nini? Hiyo ni dhahabu, na jiwe lililo juu yake laweza kuwa kipande cha chupa.

Rangi hupewa herufi, kuanzia D hadi Z, kwa kipimo cha taasisi ya vito ya Marekani iitwayo GIA, ambacho kimeenea duniani. D haina rangi kabisa, Z ina umanjano hafifu. Wakaguzi huliweka jiwe kando ya mawe ya mfano chini ya taa maalumu ndipo waamue. Mtu wa kawaida hawezi kutofautisha herufi mbili zilizofuatana.

Usafi hutazamwa kwa lenzi inayokuza mara kumi, na ngazi zake ni 11. Ngazi za juu ni za mawe yasiyo na dosari hata chini ya lenzi; za chini kabisa dosari huonekana kwa macho matupu. Katikati, penye herufi VS, dosari zipo lakini jicho halizioni. Fikiri basi: mtu aweza kulipa fedha nyingi zaidi kwa usafi ambao yeye, mkewe, na majirani wote hawatauona kamwe.

Ukataji ndio jicho linaouona. Nuru huingia kwa juu, hugonga pande za chini, kisha hurudi. Jiwe likikatwa kina kirefu mno au kifupi mno, nuru hutorokea chini na jiwe huwa zito machoni kama maji ya bwawa. Tena jiwe lenye kina kirefu huficha uzito tumboni: unalipia karati, lakini uso wake ni mdogo. Ndiyo maana nasema, mwenye fedha kidogo aulizie ukataji kabla ya herufi za rangi.

Kukata kuna gharama yake pia. Huko Mwadui, Shinyanga, katika nchi jirani ya Tanzania, Mkanada John Williamson aligundua mwaka 1940 hazina kubwa ya almasi. Mwaka 1947 lilipatikana hapo jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5, naye akamtunuku Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya arusi yake. Lilipokwisha kukatwa zilibaki karati 23.6. Zaidi ya nusu ilikwenda na vumbi! Na wanaodhani wakubwa hawavai vitu vya zamani wasikie haya: almasi za pete ya uchumba ya binti huyo zilitolewa kwenye taji la mama yake bwana arusi, na pete yake ya ndoa ilikuwa ya dhahabu tupu, haina jiwe.

Mwaka huohuo wa 1947 kampuni ya De Beers ilitungiwa huko Marekani tangazo mashuhuri lililofananisha almasi na umilele. Dhana kwamba uchumba bila almasi haujakamilika ilikuzwa sana na matangazo ya namna hiyo. Si mapokeo ya Kanisa, wala ya Waborana, wala ya Wameru, wala ya Waturkana. Almasi yenyewe ni kaboni, ndugu wa makaa. Haikwaruzwi kwa urahisi, lakini ikipigwa mahali pake hupasuka, na katika moto mkali huungua.

Sasa kuna mawe ya aina tatu ambayo kijana ataonyeshwa. Kuna almasi ya mgodini. Kuna almasi ya maabara, iliyoanza kutengenezwa katika miaka ya 1950. Hii ni almasi kweli, kwa ugumu na kwa mng'ao, hata sonara hawezi kuitambua kwa lenzi yake bila mitambo, na bei yake imeshuka sana miaka ya karibuni. Halafu kuna mawe yanayofanana tu, kama zirkonia na moisanaiti. Hayo si mabaya, ila si almasi, na moisanaiti hukidanganya hata kile kipimo kidogo cha joto ambacho masonara hushika mkononi. Kwa hiyo usitegemee kupumulia jiwe wala kukwaruza kioo. Dai cheti cha maabara inayojulikana. Namba yake mara nyingi huchorwa kwa leza ukingoni mwa jiwe, na namba za GIA waweza kuzihakiki kwa simu yako. Dai pia risiti iliyoandika ni jiwe la aina gani.

Lakini cheti nacho kina mwisho wake. Hakisemi jiwe lilichimbwa kwa jasho la nani. Mpango wa Kimberley ulianza mwaka 2003 ili kuzuia almasi zinazogharimia vita vya waasi, na hilo ni jema. Hata hivyo haugusi mateso mengine. Mwaka 2021 kampuni iliyokuwa ikiendesha mgodi uleule wa Mwadui ilikubali kulipa fidia kwa watu 71 waliolalamikia ukatili, ukiwemo wa walinzi wa mgodi. Mkristo anayenunua jiwe la mgodini ana haki ya kuuliza limetoka wapi, hata kama muuzaji atakunja uso.

Turudi kwa kijana wetu. Amesema mchumba hatajua. Mimi namwuliza: hatajua hadi lini? Kwetu pambo la mwanamke ni akiba yake. Mtoto akizidiwa usiku na gari la kwenda Isiolo likahitaji fedha, mke hufikiria mbuzi, kisha hufikiria kidole chake. Atakwenda kwa sonara akiamini amebeba thamani ya ng'ombe, na pale mbele ya watu ataambiwa ni zirkonia. Atakuwa amepoteza siku, amepoteza uso, na mtoto bado ni mgonjwa. (Hata almasi halisi, ijulikane mapema, hununuliwa tena kwa bei ya chini sana kuliko ya dukani, dhahabu angalau hupimwa kwenye mizani.) Majirani zetu Waislamu hutaja mahari waziwazi, na mahari hayo ni mali ya bibi arusi mwenyewe. Anajua amepewa nini. Je, sisi tumfiche wetu?

Na hata kama asingejua kamwe, bado kijana amekosea. Altareni atamvisha pete akitamka kwamba ni ishara ya upendo na uaminifu wake. Ishara ya uaminifu aliyoipata kwa uongo! Jiwe duni halimkosei mtu. Kinachomkosea ni neno aliloambiwa juu ya jiwe hilo, maana mume ameanza kumwamulia mkewe ukweli upi anaustahili. Leo ni pete, kesho ni mshahara, keshokutwa ni deni la chama.

Wengine huniuliza kama ndoa ya namna hiyo ni halali. Kinachofanya ndoa ni ridhaa ya wawili, kama Sheria ya Kanisa inavyofundisha katika kanuni ya 1057, na ridhaa hiyo ni kwa mtu, si kwa jiwe. Udanganyifu unaobatilisha ndoa, katika kanuni ya 1098, ni ule unaohusu sifa ya mwenzi mwenyewe, tena sifa nzito. Pete ya zirkonia haimo. Padre hubariki pete ya fedha au ya chuma vilevile.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nazijua familia zinazoishi njoo-tuishi miaka mingi, mbali na Komunyo, zikingoja fedha za pete na karamu. Wasichana, nanyi mna sehemu yenu hapa. Kijana akikuambia, "Hiki ndicho nilichoweza, na si almasi," usimcheke mbele ya rafiki zako. Yule mfanyabiashara wa Injili aliyeuza vyote apate lulu moja alizijua lulu. Hakutumwa na picha ya kwenye simu.

Na wewe uliyekwisha kumvisha na kumdanganya? Mwambie kabla ya siku ya arusi. Usimtume shangazi wala rafiki, wala usiandike ujumbe. Nenda mwenyewe, mchana, mkae mahali ambapo anaweza kukasirika bila watu kumtazama. Akikurudishia pete, ipokee. Akiomba wiki mbili za kufikiri, mpe; tarehe ya arusi husogezwa, na paroko amekwisha kusogeza nyingi.