Faili za Watu

Siku nilipouza kompyuta yangu ya kazi, mnunuzi alikuja na swali moja tu: "Omera, betri inakaa saa ngapi?" Hakuuliza ndani mna nini. Mimi pia nusura nisijiulize. Kodi ya nyumba Kondele ilikuwa imechelewa siku tisa, na jamaa alikuwa na pesa kwa simu.

Kwa miaka minne nilikuwa na kibanda cha saiba. Watu walikuja kujaza ritani za KRA, kuomba mkopo wa HELB, kuingia eCitizen, kuchapisha ratiba za mazishi. Asiyekuwa na barua pepe nilimfungulia, nywila nikaiandika mahali nisisahau. Kila kitambulisho nilichoskani kilibaki kwa folda. Mwenyewe aliondoka na karatasi zake akidhani ameondoka na kila kitu.

Basi nikafanya wanavyofanya wengi: nikachagua folda zote, nikafuta, nikamwaga pipa. Halafu roho ikakataa kutulia. Kufuta hivyo ni kung'oa ukurasa wa yaliyomo na kuacha kitabu kizima. Kompyuta inaandika tu kwamba nafasi ile iko huru. Maneno yenyewe yanakaa pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Simson Garfinkel na Abhi Shelat walinunua diski 158 za mitumba huko Marekani, wakachapisha walichokuta mwaka wa 2003: ni chache mno zilizokuwa zimesafishwa sawasawa. Zingine zilikuwa na namba za kadi za benki za watu, maelfu.

Nikapakua programu ya bure ya kurejesha faili, nijaribu yangu. Haikuchukua muda. Uso wa kwanza kurudi ulikuwa wa mzee mmoja mvuvi wa Dunga, kitambulisho mbele na nyuma. Mzee huyo hunisalimia kila tukikutana.

Data yangu nikiiacha wazi, hiyo ni shauri yangu. Ya yule mzee je? Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha yake, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haitaki mtu akae na data kupita haja iliyomfanya aichukue. Kwa hivyo kosa langu lilianza kitambo, hata kabla ya mnunuzi kutokea. Lakini kusema ukweli, sikuwa nawaza sheria. Nilikuwa nawaza salamu za mzee.

Nikaanza kuandika sufuri juu ya diski nzima. Ilikuwa diski ya zamani ya kuzunguka, GB 500, kazi ya masaa. Stima ikapotea katikati, na betri, ile ile niliyoisifia, ikakata. Nikaanza upya usiku. (Kama yako ni SSD, njia hii haitoshi, maana hiyo huchagua yenyewe mahali pa kuandika. Tumia amri ya kufuta ya mtengenezaji, au fanya data yote kuwa fumbo tangu mwanzo, kisha siku ya kuuza uharibu ufunguo.) Asubuhi jamaa akachukua mashine tupu. Nililala vizuri.

Wiki tatu baadaye akaja mama mmoja. Mvua ilikuwa imeingia kwake, picha zikaloa. Alitaka ile ya mwanawe, niliyoiskani kwa ratiba ya mazishi.

"Nyathina, wewe si unayo?"

Nikamweleza. Nilitaka kumwambia nilifuta kwa ajili yake, ili mgeni asimfungue mtoto wake kama anavyofungua gazeti. Maneno yakakataa kutoka. Miaka minne nilikaa na picha ile bila kumuuliza, kisha nikaiharibu bila kumuuliza. Mara zote mbili niliamua mimi, na mara ya pili nikajisifu. Namba yake ya simu nilikuwa nayo. Ilikuwa kwa folda ile ile.

"Na aliyenunua, hawezi kuipata?"

"Hawezi, mama. Hapo nilifanya kazi vizuri."

Akaniangalia kidogo, akaomba kiti. Tukaanza kuwapigia simu waliokuja mazishini, mmoja mmoja, kuuliza kama kuna mtu aliyeweka ile karatasi.