Asiyenena kwa Lugha

Katika nyumba nyingi za Wakatoliki siku hizi huzuka swali ambalo wazee wetu hawakulijua. Kijana arudi kutoka chuoni, au mume kutoka katika kikundi cha sala, naye asema kwamba amejaliwa karama ya kunena kwa lugha. Kisha huwatazama waliobaki na rozari zao mikononi, akawauliza kama kweli wamempokea Roho Mtakatifu. Nao hujibu kwa kicheko, au kwa hasira. Pande zote mbili zakosa. Nasi twaona yafaa jambo hili litazamwe kwa utulivu, maana lililo hatarini si namna ya kusali tu. Ni imani ya mtu juu ya Ubatizo wake na Kipaimara chake.

Na tuanze Yerusalemu. Kitabu cha Matendo ya Mitume chatueleza kwamba siku ya Pentekoste walikuwapo mjini Waparthi na Wamedi, watu wa Misri na Libya, Warumi, Wakrete na Waarabu, na kila mmoja aliwasikia Mitume wakinena kwa lugha aliyozaliwa nayo. Yafaa tuone neno moja hapa. Wengi wa watu hao pengine wangaliweza kufahamu Kiyunani au Kiaramu, kama vile mtu wa bara afahamuvyo Kiswahili akifika pwani. Mungu angaliweza kutosheka na lugha ya sokoni. Hakutosheka, aliwajia kwa lugha ya mama zao. Waliodhihaki walisema kwamba Mitume wamelewa, na Mt. Petro akajibu kwamba saa ile ilikuwa saa tatu tu ya asubuhi. (Walimu wa kale walijadiliana hata kama muujiza ule ulikuwa vinywani mwa wasemaji au masikioni mwa wasikiaji. Mt. Gregori wa Nazianzo aliona kwamba ulikuwa vinywani, kwani vinginevyo ungekuwa muujiza wa wasikiaji, si wa Mitume.)

Korinto mambo yalikuwa mengine. Huko msemaji hakufahamika na mtu, wala yeye mwenyewe hakujua maana ya asemayo, asipokuwapo mwenye kufasiri. Mt. Paulo aliwaandikia kutoka Efeso yapata mwaka 55, naye hakuwakataza. Alikiri kwamba yeye mwenyewe alikuwa na karama hiyo kuliko wao wote. Lakini aliiwekea mipaka: wanene wawili, au watatu kwa wingi, tena kwa zamu, na mmoja afasiri, kama hakuna wa kufasiri, mtu anyamaze katika kusanyiko, aseme na Mungu moyoni mwake. Aliogopa mgeni asije akaingia, akawasikia wote wakinena pamoja, akawadhani wana wazimu. Tena aliwauliza kama wote hunena kwa lugha, na namna alivyouliza yaonyesha wazi kwamba jibu ni hapana. Mwenye kudai leo kwamba kila Mkristo wa kweli sharti anene, na ashindane na Mtume.

Mt. Tomaso wa Akwino alitupa njia ya kulifahamu jambo hili. Iko neema inayomfanya mtu apendeze mbele ya Mungu, ndiyo neema ya utakaso. Na ziko karama apewazo mtu kwa ajili ya kuwafaa wenzake. Hizi za pili hazipimi utakatifu wa mwenye kuzipokea. Kayafa, kuhani mkuu, alitoa unabii wa kweli juu ya kifo cha Yesu wakati uleule alipokuwa akikifanyia shauri. Balaamu naye alitabiri mema juu ya Israeli, huku ameitwa kwa ujira aje kuwalaani. Tena kitabu cha ibada za Kanisa cha mwaka 1614 kilihesabu kusema lugha asiyoijua mtu kuwa mojawapo ya dalili za kumshuku pepo mchafu! Sisemi hivyo ili kuwatisha wanaosali kwa namna hii. Nasema kwamba sauti peke yake haithibitishi neno lolote, wala jema wala baya.

Historia nayo yatufundisha kiasi. Mwishoni mwa karne ya nne Mt. Yohane Krisostomo, akiwafafanulia watu wake waraka kwa Wakorinto, alikiri kwamba mahali hapo ni pagumu kufahamika, kwa sababu mambo yale hayakuonekana tena zamani zake. Mt. Fransisko Ksaveri alisifiwa baada ya kufa kwake kuwa na karama ya lugha. Lakini barua zake zatuonyesha mtu aliyetafuta wakalimani huko India, akatafsiri sala kwa taabu pamoja nao, akazishika kwa moyo ili kuwafundisha wavuvi. Kwangu mimi habari hiyo ni tamu kuliko sifa ile. Hapa kwetu, Padre Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu alikusanya maneno ya Kiswahili miaka mingi, na kamusi yake ikatoka Paris mwaka 1939. Nani atasema kwamba jasho lile halikuwa tunda la Pentekoste?

Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Topeka mwaka 1901 na Los Angeles mwaka 1906, Wakristo wengi wa Marekani walianza tena kunena kwa lugha. Baadhi yao walipanda meli kwenda nchi za mbali, wakitumaini kuhubiri bila kujifunza lugha za wenyeji, wakakuta hawafahamiki. Miongoni mwa Wakatoliki uamsho ulianza mwaka 1967 kwa wanafunzi na walimu wa chuo kikuu cha Duquesne, Pittsburgh. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umekwisha kusema, mwaka 1964, kwamba karama zipokewe kwa shukrani, lakini zile zisizo za kawaida zisitafutwe kwa pupa, na hukumu juu yake ni ya wachungaji wa Kanisa. Mwaka 1975 Baba Mtakatifu Paulo VI aliwapokea wanauamsho Roma, katika Basilika la Mt. Petro.

William Samarin, mtaalamu wa lugha, alichapisha mwaka 1972 uchunguzi wake juu ya sauti hizo. Aliona kwamba zimetungwa kwa silabi za lugha anazozijua msemaji, wala hazina sarufi ya lugha yoyote. Lakini pia hakuona kwamba wanenao ni wagonjwa wa akili. Je, basi ni upuuzi? La. Mt. Augustino aliwaeleza watu wake juu ya wavunaji shambani, ambao furaha ikiwazidi huacha maneno ya wimbo, wakabaki na sauti tupu. Akasema kwamba Mungu asiyeelezeka yafaa asifiwe hivyo. Nani aliyepata kukicheka kilio cha mfiwa kwa sababu hakina sarufi? Mtu akisali hivyo faraghani kwa unyofu, tumwache na Mungu wake.

Lakini pale kiongozi wa kikundi anapomfundisha kijana kurudiarudia silabi, au anapomzunguka na kumwombea mpaka atoe sauti, hapo pana kosa kubwa. Kijana mwoga atatoa sauti ili aachwe, atasifiwa, naye atarudi nyumbani akijua moyoni kwamba amedanganya, tena katika sala. Aliye mkweli atanyamaza, naye atajidhania kuwa ametupwa. Wazazi wenye mtoto wa namna hii wasikawie kumwona padre wao.

Augustino huyo huyo aliwauliza waumini wake kama yupo aliyetazamia kwamba wale wapya waliowekewa mikono watanena kwa lugha, na walipokosa kunena, kama yupo mwenye moyo mpotovu kiasi cha kusema kwamba hawakupokea kitu. Ndivyo ilivyo hata leo. Askofu ampakapo mtoto krisma katika paji la uso, hatulii kusikiliza sauti ya ajabu. Mtoto huitika Amina, naye Askofu humwendea wa pili.